Kapteni wa Wasiolala Mlimani

Kwa miaka ishirini na miwili Pyo Deok-su alibandika soli za viatu vya kupandia milima katika kiwanda kimoja cha Busan, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvaa hata jozi moja. Viatu vilitiwa kwenye maboksi, vikaenda ng'ambo kukanyaga milima ya watu wengine. Yeye alibaki na harufu ya gundi kwenye nywele na kikohozi cha asubuhi. Kiwanda kilipohamia nchi ambako mikono ya watu inanunuliwa kwa bei ya chini zaidi, wenye mali walimpa kila mfanyakazi zawadi ya kuagana: jozi moja ya viatu vilivyokataliwa na wakaguzi. Kimoja cha Pyo kilikuwa na soli iliyokaa upande. Akaibandua, akaibandika upya jikoni kwake, na Jumapili iliyofuata akapanda mlima kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

"Nilitaka tu kuona," aliniambia, "hao watu siku zote walikuwa wanakwenda wapi."

Nilipomfahamu mimi alikuwa na miaka sitini na minne, mlinzi wa geti katika mtaa wa maghorofa ambako nilikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Chama chenyewe kilikuwa walinzi na wanawake wa usafi. Wakubwa wa kampuni walikiita "kile kikundi cha wazee", na hawakukosea sana. Wazee wenyewe walimwita Pyo Kapteni. Hakuwahi kuwa jeshini zaidi ya muda wa lazima, na huko alipika. Ukapteni wake ulikuwa wa mlimani.

Kwetu mlima una matabaka kama mji. Mtu anayekwenda kupanda kilima chenye kituo cha basi upande wa pili huvaa kana kwamba anakwenda kutafuta ncha ya dunia. Koti lake ni nusu ya mshahara wa mlinzi, na fimbo zake ni nyepesi kuliko kalamu. Kapteni naye alikuwa na koti la aina hiyo. Alilitoa kwenye pipa la nguo zilizotupwa, nyuma ya jengo namba 107, na lilikuwa zuri kuliko makoti yote niliyoyaona mlimani, kwa sababu wakazi wa 107 walikuwa wakitupa vitu kabla havijachafuka. Mengine yote yalikuwa ya akili yake. Mkeka unaong'aa kama fedha. Kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ndani ya chupa ya kahawa. Tambi za pakiti zilizovunjwavunjwa na kutafunwa kavu, maana kupika mlimani ni marufuku. Mayai ya kuchemsha. Na badala ya hema, kipande cha nailoni nene ya kufunikia vitalu vya mboga, alichopewa na mkulima mmoja kwa kumsaidia siku moja kuvuna vitunguu.

Kwa vifaa hivyo alikuwa amelala katika nusu ya milima ya kusini bila kumlipa mtu chochote. Ila ukisema "kulala" mbele yake, alikukatiza.

"Hatulali. Tunafanya bibak."

Neno hilo kila mpanda mlima wa kwetu analijua. Ni kukaa usiku mlimani bila hema, ukajifunika chochote ulicho nacho. Lakini Kapteni alikuwa na elimu yake juu ya neno hilo. Shule aliiacha darasa la sita. Herufi za Kichina, zilizo asili ya maneno mengi ya lugha yetu, alijifunza mwenyewe katika zamu ndefu za getini, akiwa na kamusi kuukuu iliyotoka pipa jirani na lile la nguo, na alizipenda kwa wivu wa mtu aliyenyimwa. Njiani alisimama kwenye kila kaburi na kila lango la hekalu, akasoma kwa sauti, nasi tukasubiri. Sasa, alisema, katika herufi hizo *bi* ni "si", na *bak* ni "kulala safarini". Kwa hiyo bibak ni kutolala. Na sheria ya hifadhi ya milima inakataza kulala.

"Mtu asiyelala," aliuliza, "utamshtaki kwa kulala?"

Ubao wa marufuku uliosimama kila mwanzo wa njia ulisema wazi: hakuna kupika, hakuna kupiga hema, hakuna bibak. Siku moja nilimwonyesha ubao huo kwa kidole.

"Aliyeandika hapa hajui herufi," alijibu kwa huruma. "Hebu fikiri, Katibu, wewe una digrii. Ukikataza watu kutolala, umewalazimisha walale. Basi mimi nikilala hapa natii amri."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nakiri kwamba nilimwamini. Nilitaka kumwamini. Niliona ni haki kabisa kwamba mlima, ambao haukujengwa na kampuni yoyote, ufunguliwe na mlinzi wa geti kwa ufunguo wa neno moja.

Kisa ninachotaka kukieleza ni cha Oktoba ile ambayo Bong Chun-ja alikuwa anamaliza mkataba wake.

Mama Bong alikuwa na miaka sitini na sita, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepiga deki ngazi za jengo la ghorofa kumi na nne. Alianza saa kumi na moja alfajiri, kutoka juu kwenda chini, na jua lilimkuta njiani. Majira aliyajua kwa ghorofa. "Limenikuta ya tisa leo," alisema, nasi tukajua kwamba kiangazi kinaisha. Wakati wa baridi lilimkuta ya pili. Dirisha la ngazi lina upana wa sinia, na kila alipotua ndoo kulitazama alitokea mkazi mwenye viatu vyenye matope, akapita juu ya sakafu mbichi. Mwisho wa mwezi angehamia Incheon kulea mjukuu, na alijua vizuri kwamba mtu akishakabidhiwa mjukuu hapandi tena mlima wowote.

"Nataka kitu kimoja," alituambia kwenye kikao cha chama. "Nilione likitoka, lote, kuanzia ukingoni. Juu ya Mlima Sangun. Mara moja tu, halafu nipeni hicho kitoto."

Kilele cha Sangun hakifikiki alfajiri usipokuwa umelala karibu, na njia hufungwa giza likiingia. Karibu na kilele kuna nyumba ya wapandaji, safi, yenye joto, na bei yake si mbaya hata kwa mtu wa usafi. Tatizo ni kwamba nafasi hutolewa kwenye mtandao, siku maalumu, saa nne kamili asubuhi, na zile za msimu wa majani mekundu huisha kabla hujapepesa macho. Saa nne kamili asubuhi Mama Bong yuko ghorofa ya tano, katika mzunguko wa pili, na ndoo mkononi. Nilimjaribia mimi kwa simu mbili. Saa nne na sekunde kumi na moja hapakuwa na hata kona. Watu huambiwa mlima ni wa wote. Ni wa wote wenye mapumziko ya chai.

"Nyumba ya nini?" alisema Kapteni. "Dada Chun-ja, utakwenda na mimi. Kuna mwamba chini ya ukingo, mkavu, unatazama mashariki. Utalipata jua lako lingali na unyevunyevu."

Tulikwenda wanne. Wa nne alikuwa Mok Jae-bong, aliyekaa meza moja na Kapteni enzi za gundi, mtu mwembamba ambaye kazi yake mlimani ilikuwa kumtania mwenzake. Basi lilitushusha bondeni saa tatu asubuhi. Kufikia mchana Mama Bong alikuwa mbele yetu wote, akipanda mawe kwa mwendo uleule wa ngazini, mkono mmoja ukipapasa reli isiyokuwapo.

"Mwone huyo!" alisema Jae-bong akihema. "Kapteni, umeleta mwanafunzi au mbuzi?"

"Nyamaza wewe. Soli yako ya kushoto itaachama kabla ya saa tisa."

Iliachama saa nane na nusu. Kapteni akaifunga kwa kamba, akajisifu mpaka tukafika kwenye chemchemi. Nilichokiona, na sikukisema, ni kwamba kila penye mteremko alishuka ubavu, kama kaa, akishikilia goti la kulia. Nilipotaka kumbebea mfuko alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kwenye mwamba. Kapteni alitandaza mkeka, akafunga nailoni kwenye miti miwili, kisha akatoa kipande cha boksi alichokiandika nyumbani kwa wino mwekundu, akakitundika mbele kabisa. Kilikuwa na herufi mbili kubwa za Kichina, na chini yake kwa mwandiko wetu wa kawaida: HAPA HAKUNA ANAYELALA. HII NI BIBAK.

"Unamwandikia nani?" aliuliza Mama Bong.

"Mamlaka," alisema Kapteni. "Mtu mwenye haki hajifichi."

Nilipenda sentensi hiyo kiasi kwamba niliiandika kwenye daftari. Wino haujakauka, mamlaka ikatokea. Ilikuwa dada wa miaka kama yangu, kavaa sare ya hifadhi, redio kifuani, jina Seok Da-on likiwa kwenye mfuko. Alikuwa amelisoma bango akiwa mbali, njiani. Bila bango asingetuona.

"Shikamooni wazee wangu. Poleni na safari. Naomba mfungue hicho kitu, hapa ni marufuku kulala."

"Marahaba, binti," alisema Kapteni akasimama wima. "Hatulali. Soma."

"Nimesoma. Mmeandika bibak."

"Na bibak ni nini?"

"Ni kosa, Mzee. Limo kwenye ubao kwa jina."

Kapteni akatabasamu tabasamu la miaka ishirini na mitatu. Akaeleza *bi*, akaeleza *bak*, akachora herufi hewani kwa kidole. Dada yule alimsikiliza mpaka mwisho, bila haraka, akiwa na adabu ambayo ilinitia wasiwasi.

"Mzee, hizo herufi umezisoma sawasawa kabisa," alisema. "Ila neno silo. Bibak halina herufi za Kichina. Ni Kijerumani. Lilikuja na vitabu vya wapanda milima wa Ulaya. Maana yake ni kulala nje bila hema."

Upepo ukapigapiga nailoni.

"Kijerumani?"

"Ndiyo, Mzee. Biwak. Limo hata kwenye kamusi." Akatoa simu, akaishika karibu na macho ya Kapteni.

Kapteni alisoma mara moja, akasoma tena. Kicheko kilimtoka Jae-bong kupitia puani.

"Miaka ishirini na mitatu!" alisema akijipiga paja. "Deok-su! Miaka ishirini na mitatu tumelala Kijerumani!"

"Funga mdomo."

"Na bango umelitundika mwenyewe! Hata mwizi haandiki 'Hapa naiba'!"

Mama Bong peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mashariki, ambako milima ilikuwa inapangana, mmoja nyuma ya mwingine, ikififia. "Binti," alisema taratibu, "sisi hatujali ni Kichina au Kijerumani. Tukikaa tu hapa bila kulala? Mimi naweza. Nimezoea kuamka."

"Mama, mkikaa hapa baridi itawaua, itashuka chini ya sifuri. Mkitembea, njia imefungwa. Na kushuka bondeni saa hizi hamwezi kufika." Alifikiri, akikuna shavu kwa antena ya redio. "Kwa kuwa hamjalala bado, kosa lenyewe sijaliona. Nimeona nia tu, na nia haina fomu. Nyumba ya wapandaji imejaa, ila kuna chumba cha dharura. Kanuni inasema naweza kumwingiza mtu aliyeshindwa kutembea, pamoja na alio nao."

"Basi mimi nimeshindwa!" Jae-bong alisema papo hapo. "Nimeshindwa tangu mwaka wa themanini na nane."

"Wewe Mzee nimekuona ukiruka mawe ukiimba."

Nikasema basi nimeshindwa mimi. Akazitazama chupa mbili za maji nilizokuwa nimezileta mbio kutoka kwenye chemchemi, akatikisa kichwa.

"Basi niandike mimi," alisema Mama Bong.

"Naweza, Mama. Lakini mnielewe: atakayeandikwa hatoki kwenda kileleni. Asubuhi namshusha mwenyewe kwa mkono mpaka bondeni. Ndiyo kanuni."

Hapo sote tukaelewa, na hakuna aliyemtazama Kapteni, jambo ambalo ni sawa na kumtazama.

Nilikuwa nimewahi kumwona mtu huyu akisimama mbele ya meneja wa kampuni na kukataa kuosha gari la mkewe, huku mkataba wake ukiwa mezani. Hakutetemeka. Sasa alikuwa anatazama viatu vyake. Wasichokijua wale wenye makoti ya nusu mshahara ni kwamba mtu anaweza kuwa na kitu kimoja tu duniani kinachomfanya kapteni. Huyu neno lake lilikuwa limechukuliwa dakika tano zilizopita. Yalibaki magoti.

"Mzee," alisema askari Seok kwa sauti ya chini, "nimekuona pale kwenye ngazi za mawe ukishuka ubavu. Hutakuwa umenidanganya."

Kapteni akamwangalia Mama Bong. Huyo alikuwa ameshaanza kukunja mkeka, polepole, kama mtu anayefunga duka, na alikuwa anatabasamu ili tusione haya.

"Acha huo mkeka, Dada," alisema Kapteni. Kisha akamgeukia askari. "Lete hiyo fomu."

Fomu ilikuwa na mstari: *Sababu ya kushindwa kutembea*. Aliandika "goti". Siku nzima ile, pamoja na elimu yote tuliyopewa, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la kweli. Akatia saini kwa herufi za Kichina. Hizo zilikuwa sahihi.

Chumba cha dharura kilikuwa na sakafu yenye joto. Jae-bong alilala kabla hajavua soksi. Saa kumi na moja alfajiri, saa ya ndoo, Mama Bong alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vimefungwa. Nje kulikuwa na ukungu mzito hata mlingoti wa bendera, hatua kumi kutoka mlangoni, haukuonekana. Jae-bong alifungua jicho moja, akasema ameshaona jua la kutosha maishani, akalifunga. Kapteni alikaa kwenye benchi, goti limefungwa bandeji ya hifadhi.

"Nendeni," alisema. "Mkifika kwenye mwamba wenye ufa, shikeni kushoto. Na msisimame na wale wenye kamera, watawafunika."

Tulipanda ndani ya ukungu kwa saa moja, nikimwona Mama Bong kisigino tu. Kisha, kama mtu anayetoa kichwa majini, tukatoka juu yake. Mawingu yalikuwa chini yetu, meupe, yamelala mpaka mwisho wa macho, na vilele vichache vimechomoza. Hapakuwa na upepo. Watu walikuwa wachache, wamenyamaza. Ukingoni palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya machungwa, kama tunda la persimoni, ukanenepa, ukapasuka.

Lilitoka lote. Sina neno zaidi, na nimetafuta. Mama Bong alikuwa amekunja mikono tumboni kama aliye kanisani. Machozi yalimteremka, wala hakuyafuta.

"Katibu," alisema, "hapa ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya juu kabisa, Mama."

"Na hakuna aliyepita." Akatazama yale mawingu meupe, masafi, hayana hata unyayo. "Mungu wangu. Hakuna hata mtu mmoja aliyepita."

Hatukukaa. Wengine wote walishukia upande wa pili, kwenye mabasi ya makundi. Sisi tulirudi upesi, kwa sababu Kapteni alikuwa anasubiri kushushwa. Tukazama tena ndani ya ukungu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumsimulia, maana niliona ni haki yake. Bila saini yake tusingekuwa na kitu. Nyumba ilipotokea, yeye alikuwa palepale kwenye benchi, mkono mmoja umeshikwa tayari na askari Seok, mfuko wake mgongoni kwa askari. Alionekana mdogo. Koti la jengo namba 107 lilikuwa limemzidi.

"Enhe?" aliuliza.

"Ukungu," alisema Mama Bong.

"Ukungu?"

"Ukungu mtupu, Kapteni. Nimeona mgongo wa Katibu basi."

Nikafungua mdomo. Mimi ndiye niliyeandika kwenye kila karatasi ya chama chetu kwamba mfanyakazi anastahili kuambiwa ukweli. Mama Bong alinitia yai zima la kuchemsha mdomoni. "Kula, mwanangu, hujala tangu jana." Askari Seok alikuwa na redio kifuani, na redio hiyo ilikuwa inasema kwa furaha kwamba kileleni anga ni safi, bahari ya mawingu, haijaonekana hivi mwaka mzima. Akaizima.

Uso wa Kapteni ulikuwa umeanza kubadilika. Mgongo ulinyooka.

"Nilijua!" alisema. "Nilijua! Mnaona? Ndiyo matokeo ya kulala ndani kama wagonjwa. Mlima unajua. Tungekaa kwenye mwamba wangu ningenusa hewa, ningewaambia mapema, wala msingejisumbua." Akampiga askari bega. "Twende, binti, na uangalie hapo, hilo jiwe linateleza, mimi nalijua. Jae-bong! Amka! Jua halikutoka!"

Alizungumza mpaka bondeni, akiegemea mkono wa mamlaka na kuielekeza pa kukanyaga. Mwakani, alisema, goti likishatengenezwa, atampeleka Dada Chun-ja mwenyewe, kwa utaratibu wake, siku atakayoichagua yeye.

"Lazima, Kapteni," alisema Mama Bong nyuma yake, macho yake yakiwa bado mekundu. "Mimi bado sijaliona."